Ndizi za Kitovu cha Mjomba

Utomvu wa ndizi haufuliki. Sabuni ya mche, limau, jua la mchana kutwa, vyote nimejaribu kwenye shiromani ya bibi yangu, na lile doa la rangi ya kahawa liko palepale kwenye pindo. Shiromani ni ile nguo pana, nyekundu na nyeupe, wanayojitanda wanawake wa kisiwa cha Nzwani, na hii niliipata juzi tu, baada ya mama yangu mdogo kufariki Mutsamudu. Yeye ndiye aliyeihifadhi miaka yote. Ilikuja imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, na nilipoufungua sikunusa ilangilangi wala karafuu. Nilinusa ndizi mbichi inayomenywa. Nikakaa kitandani, nguo mapajani, nikalia kama mtoto mdogo. Wanangu walinichungulia mlangoni wakaondoka zao, wakidhani namlilia mama mdogo.

Bibi yangu, mama yake mama, tulimwita Koko, kama bibi wote wa kwetu wanavyoitwa. Nyumba yake ilikuwa ndani ya mji wa Mutsamudu, kwenye vichochoro vinavyobana hata watu wawili wakikutana mmoja hana budi kugeuka ubavu. Shamba lake lilikuwa juu mlimani, nalo lilikuwa lake, si la mumewe, maana kwetu nyumba na ardhi hufuata wanawake. Mimi nilizaliwa na kulelewa Moroni, mji wa mawe meusi kisiwani Ngazija, alikohamia mama kwa ajili ya kazi ya baba, jambo ambalo Koko hakulisamehe hata siku moja. Kila likizo nilipelekwa kwake, na kila likizo alinipokea kwa maneno yaleyale, eti wazazi wangu wanalea mtoto juu ya mawe.

Mtoto wa Moroni mimi, nilijua ndizi ni za namna mbili: mbichi na mbivu. Koko alicheka siku niliyomwambia hivyo mpaka akakaa chini. Akanishika mkono akanizungusha shamba zima. Kulikuwa na mgomba mfupi, mnene, ambao kimbunga kikipita ndio unaobaki umesimama. Kulikuwa na ndizi za uji wa watoto wanaoachishwa ziwa, na ndizi za mgonjwa asiyetaka chakula, na nyingine ngumu kama kuni zilizohitaji kuchemshwa tangu adhuhuri ili zilike wakati wa kufuturu. Moja ililetwa na baharia kutoka kisiwa kikubwa cha Bukini. Nyingine ilikuja na bibi harusi wa kisiwa cha Mwali, ndani ya kapu lake la nguo. Yote hiyo imechanganyika na majimbi, mihogo na mbaazi, huku mgomba, kule mgomba, bila mstari wowote. Wewe ungeona kichaka. Yeye alikuwa akiutambua kila mgomba kwa namna jani lake linavyoning'inia.

Sababu ya wingi ule haikuwa ulafi wala ukulima hodari. Ilikuwa ni watoto. Katika ukoo wa Koko, mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishadondoka hufukiwa shambani na juu yake hupandwa mgomba, na mgomba huo lazima uwe wa aina ambayo hana mtu mwingine aliye hai katika nyumba ile. Wakipata mtoto na aina zimekwisha, baba mtu hufunga safari, atembee vijiji mpaka apate chipukizi ambalo kwao halijapandwa. Kwa hiyo shamba lilikuwa ni familia imesimama. Mama yangu alikuwa kule juu karibu na jabali, mama mdogo kando ya mto. Mimi sikuwapo. Nilizaliwa hospitali, Moroni, na kitovu changu Mungu ndiye anayejua kilitupwa wapi. Nililionea wivu sana jambo hilo.

Palikuwa na sharti moja ambalo mimi sikuambiwa, pengine kwa sababu halikunihusu. Ndizi za kitovu huliwa na kila mtu isipokuwa mwenye kitovu. Yeye hazigusi. Akipakuliwa sahani iliyochanganywa, hutenga zake ukingoni bila hata kufikiri, kama mtu anavyotoa mwiba wa samaki. Kujila ni haramu, walisema, ingawa hakuna kitabu kilichoandika hivyo. Naliweka hapa mapema ili mjue nilichokuwa sikijui, kwa maana yote yaliyofuata yalipita mbele ya macho yangu na sikuona kitu.

Mjomba wangu Bakari alikuwa kitinda mimba wa Koko, mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye sauti ya kuita punda. Yeye ndiye aliyekuwa akinibeba begani kuvuka mto. Ndizi zake zilikuwa fupi zenye ganda lililotiwa wekundu, na nyama yake ikipikwa hugeuka rangi ya kamba aliyechemshwa. Hujapata kuona ndizi kama zile. Nimezitafuta soko la Volo Volo kila ninaporudi Moroni, na wauzaji hunionyesha zilezile ndefu za njano, zinazofanana kama zimetoka kiwandani, kisha wananiuliza kama naona vizuri.

Wenzangu mnaikumbuka ile miaka ya mamluki. Wazungu wa kukodiwa walikuja kwa bahari wakamweka mtu wao ikulu, kisha wakakaa wao kama wenye nyumba, na sare zao nyeusi. Watu wazima walijifunza kuongea wakitazama mlango. Siku moja wakubwa wa kisiwa walipanda mlimani kwa Koko na jirani zake, wakiwa na mzungu mmoja wa sare nyeusi, wakaitisha mkutano. Walitaka ile miteremko ifyekwe yote, vichaka viondoke, ipandwe ndizi ya aina moja kwa mistari, kwa ajili ya majiko ya kambi na meli. Mjomba Bakari akasimama, akasema kwa Kifaransa ili mzungu asikie mwenyewe kwamba ardhi ile ina wenyewe, wanawake, na kila shina pale lina mtu wake, basi na awaulize mmoja mmoja yupi akatwe kwanza. Watu wakacheka. Walimcheka mzungu usoni, na kicheko kile ndicho kilichomponza mjomba. Haikupita wiki, wakamchukua darasani mbele ya wanafunzi wake, wakampakia ndege hadi Moroni.

Koko akaja kwetu kwa boti na mikungu ya ndizi. Hakuja na nguo za kubadili. Aliteremka bandarini amejitanda shiromani katikati ya wanawake wa Ngazija, wote wakimtazama, na kitu cha kwanza alichomuuliza baba yangu ni yuko wapi mwanawe. Baba alikuwa karani serikalini, mtu mpole, mwoga kwa haki kabisa. Aliulizia kwa chini chini mpaka akaambiwa kambi gani. Kuonana naye hakuna ruhusa, lakini chakula, Ijumaa asubuhi, chaweza kupelekwa getini.

Ndipo zikaanza zile Ijumaa. Koko alipika ndizi alizoletewa kwa boti kutoka shambani, kwa tui zito, na kila mara alichanganya aina, za mama, za mama mdogo, na humo ndani vipande kadhaa vya zile nyekundu za mjomba. Mama alikuwa na mtoto mchanga, hivyo mimi ndiye niliyemsindikiza Koko kwa teksi hadi kambini, bakuli la bati limefungwa kitambaa. Askari kijana getini alilipokea, akaingia nalo. Sisi tuliketi juu ya mawe meusi nje ya ukuta kungoja bakuli lirudi. Koko alimpenda yule askari tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alipotamka salamu alimjua ni wa Nzwani, tena wa milima ya kwao, si mbali na shamba lake. Hakumwambia. Alimwita mwanangu tu, naye akamwita Koko.

Bakuli likirudi, Koko hakungoja tufike nyumbani. Alifungua palepale, akainama. Ukingoni, vimepangwa kwa adabu, vilikuwapo vile vipande vyekundu, na mengine yote yameliwa. Basi uso wake ulilegea, akavuta pumzi, akanipa mimi nile. Vilikuwa vimepoa, vimeganda tui, vitamu ajabu. Nikavila nikirudi, nikijisikia nakula sahani moja na mjomba wangu.

Lakini nilisikitika pia. Niliona mjomba anaumwa, au anadeka, au wanamnyang'anya kabla hajashiba, kwa nini kila Ijumaa abakize? Na abakize zile nzuri kuliko zote? Madrasa tulifundishwa kwamba dua ya mtoto haina pazia. Mimi nikajitafutia dua yangu. Kila nikimaliza kuswali nilinyosha viganja nikamwomba Mungu mjomba Bakari amalize chakula chake chote. Sikumwambia mtu. Nilitaka iwe zawadi.

Ikaja Ijumaa moja mvua imenyesha, mawe yanatoa mvuke. Bakuli lilichelewa. Yule askari alipolileta hakutusemesha kama kawaida yake, alimkabidhi Koko akageuka. Koko akafungua. Bakuli lilikuwa jeupe. Limelambwa mpaka ua lililochorwa chini likaonekana lote, na majani yake.

Nilipiga makofi. Niliruka pale juu ya mawe nikasema, "Amemaliza, Koko! Mjomba amemaliza zote!"

Alipitisha kidole ukingoni mwa bakuli, akazunguka nacho polepole, kama mtu anayetafuta ufa. Kisha akafunika. Ndani ya teksi alikaa wima, bakuli mapajani, na nilipomwambia kwamba ni dua yangu mimi iliyojibiwa, aliniwekea mkono kichwani akauacha hapo njia nzima. Mkono ulikuwa mzito. Mpaka leo mwanangu akimaliza chakula akanionyesha sahani tupu, mimi humsifu kwa mdomo tu.

Nyumbani, Koko alimwambia mama kwa sauti ya kawaida kwamba Bakari amekufa. Mama akajitupa chini. Baba akasema, tafadhali mama, mtu mwenye njaa hachagui, pengine wamempunguzia chakula, pengine siku hiyo alizidiwa. Koko akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu hawezi kujila. Hata afe njaa." Hapo ndipo nilipolijua lile sharti, nimesimama nyuma ya pazia, na nikaelewa nilichokuwa nikimwombea mjomba. Nilijua kwa hakika, kwa ile hakika waliyo nayo watoto, kwamba Mungu amenisikia vibaya.

Ijumaa iliyofuata bakuli likarudi tupu. Na nyingine tena. Koko alimuuliza askari hali ya mwanawe, naye akajibu akitazama chini kwamba hajambo, anakula vizuri. Baba alikwenda kwa mwalimu wa msikiti wetu kuuliza kama inafaa kusoma hitima. Mwalimu, naye maskini alikuwa na watoto na hofu zake, alisema mtu hasomewi hitima bila shahidi wa kifo chake, na bakuli tupu si shahidi. Tena, kumlilia mtu ambaye serikali inasema yu hai ni kuitukana serikali. Baba akarudi na majibu hayo, na nyumba yetu ikakaa hivyo, hakuna msiba, hakuna mjomba. Tuliongea kwa kunong'ona. Mama alikuwa akipika huku machozi yanamtoka, na mgeni akibisha hodi anasema ni kitunguu. Mimi niliacha kula ndizi. Chumbani nilikuwa nasikia, mchana kweupe, mtu anatafuna.

Kilichokuwa kikimla Koko, nadhani, si kifo peke yake. Alishajua. Alichokitaka ni mtu mmoja, mmoja tu, akiri. Na alitaka kujua kama mwanawe aliondoka duniani kama mtu, ameoshwa, amevishwa sanda, ameswaliwa, au ametupwa kama takataka. Hilo aliliuliza ukuta, akimenya mbaazi, akifua, kwa sauti ya chini ambayo alidhani haisikiki.

Akaondoka kwa boti kwenda Mutsamudu bila kusema anarudi lini. Mama mdogo alinisimulia baadaye kwamba alipanda shambani peke yake na panga, akalikata shina lote la mgomba wa Bakari, akakataa kusaidiwa. Utomvu ulimrukia hadi kwenye shiromani. Machipukizi aliwagawia mabinti zake. Mkungu akauleta Moroni begani.

Asubuhi alipoupika, mama alichukua chumvi kama kawaida, Koko akamzuia mkono. Mimi nikauliza kwa nini. Akaniambia, kama anayenifundisha kufuma mkeka, kwamba milimani kwao mtu akifa, mgomba wake hukatwa siku hiyo hiyo, ndizi zake zikapikwa bila chumvi, na hawali watu wote. Wanakula wale waliomwosha na waliomteremsha kaburini. Hao wakishakula, husoma Fatiha, na hapo ndipo maiti huhesabiwa amezikwa. Nikamwambia, lakini mjomba hatujui nani alimzika. Akasema, "Mimi najua pa kuwapata."

Baba alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Mama alimshika Koko shiromani mlangoni, akamsihi asiende, watamfunga na yeye, na wataifunga nyumba nzima. Koko akamwondoa vidole kimoja kimoja, kwa upole. Akanitazama. Mama hakusema niende wala nisiende. Nikabeba mfuniko wa bakuli.

Getini walikuwapo yule kijana wetu na wenzake wawili, wa Ngazija. Gari la mzungu lilikuwa limetoka muda si mrefu, vumbi lake halijatulia. Kijana akanyosha mikono kupokea bakuli kama siku zote. Koko hakumpa. Akaketi juu ya jiwe, akalifungua mwenyewe, na zilikuwa nyekundu tupu, bakuli zima, zinatoa moshi.

"Leo si cha ndani," akasema. "Leo ni chenu. Nawalisha wanangu."

Wale wawili hawakungoja kukaribishwa mara ya pili. Walijichotea kwa vidole, wakamtania Koko kwamba tui la Nzwani ni zito kuliko mchumba. Kijana wetu naye akachukua kipande, akatia mdomoni, akatafuna. Niliona anatafuna polepole, kisha anaacha kutafuna.

"Koko," akasema, "umesahau chumvi."

"Sikusahau."

Wale wawili wakaendelea kula na kucheka. Kijana alikitazama kilichobaki mkononi mwake, rangi yake, akamtazama Koko, shiromani yake, lile doa bichi la utomvu. Nilimwona anaelewa. Alikuwa wa milima ile, amekula chakula kile mazikoni mwa watu wake. Nikadhani atatema. Nikadhani atapiga kelele, wazungu watoke, tuchukuliwe. Nilishika mfuniko kwa mikono miwili kama ngao, na mkojo ulinitoka, nasema kweli.

Akameza. Akafuta vidole kwenye suruali. Kisha akainua viganja vyote viwili hadi kifuani, pale getini, mchana, na bunduki begani, midomo ikacheza. Koko naye akainua vyake. Mmoja wa wale wawili akamcheka, akauliza tangu lini ndizi zinasomewa dua. Kijana alipomaliza, alijipangusa uso, akainama kama anayeokota kitu miguuni pa Koko.

"Tulimwosha, Koko," akasema kwa lugha ya milimani kwao. "Mimi na mwenzangu mmoja. Tulimwosha vizuri."

Koko alifumba macho. Kifua chake kilipanda kikashuka mara moja, kwa nguvu. Hakumuuliza wapi, wala nani alimfanya nini. Akamsogezea bakuli.

"Basi kula, mwanangu," akamwambia. "Ni haki yako."

Akala, machozi yakimtiririkia mdomoni, na Koko akaketi pale akimtazama mpaka alipomaliza.